Yai la Mnadani na Maziwa Yasiyouzwa: Kutoa kwa Shukrani Mbulu na Hanang

Ibada ya Jumapili ikiisha katika sharika nyingi za vijijini, watu hawatawanyiki mara moja. Hutoka nje, husimama kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, na mnada huanza. Vitu vilivyotolewa madhabahuni vimepangwa juu ya meza: debe la mahindi, kuku aliyefungwa miguu, boga, mkungu wa ndizi, yai moja alilokuja nalo mtoto ndani ya kiganja. Mzee wa kanisa ananyanyua yai na kutaja bei. Anayeshinda analipa, kisha anasema lirudishwe mezani. Linauzwa tena. Mara ya tatu mnunuzi anaomba apewe bibi kizee aliyeketi nyuma. Yai ambalo dukani lingepatikana kwa shilingi mia chache limeingiza maelfu, na bado limeishia kwenye sufuria ya mtu asiye na kuku.

Mfanyabiashara akilitazama jambo hili kwa macho ya soko, ataona hasara tupu. Nani hununua kitu ili akirudishe? Lakini kila aliyesimama pale anajua kwamba biashara iko kwa jina tu, na kwamba kinachopita mkono kwa mkono ni shukrani. Katika insha hii nauliza shukrani hiyo inatoka wapi, na kwa nini katika nchi ya Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, imepata udongo mzuri. Nalinganisha njia tatu za kutoa ambazo zimeishi jirani katika vilima hivi: desturi ya Wairaqw, zaka na sadaka za Waislamu, na utoaji wa Wakristo. Naandika kama Mkristo, kwa hiyo nitasema wazi ninapoona tofauti. Lakini nimejifunza kwamba Mkristo wa Gehandu akitaka kuielewa neema, ana walimu wengi zaidi ya wahubiri wake.

Gehandu ni jina lenye makao mawili. Lipo Mbulu, na lipo Hanang, wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu katikati ya miaka ya 1980. Ni nchi ya mahindi na maharage, ya mbaazi, alizeti na ngano, ya ng'ombe wanaolala karibu na watu na samadi inayorudi shambani. Kanisa Katoliki liliingia eneo hili kupitia misheni ya Tlawi mwaka 1907, na Mbulu ikawa jimbo mwaka 1953. Walutheri walipata nguvu kubwa kwa kazi ya wamisionari wa Norway, ambao alama yao kuu ni hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955. Waislamu ni wachache, lakini maduka na misikiti yao iko mijini na kwenye vituo vya biashara. Na chini ya hayo yote ziko kumbukumbu za wazee wa Kiiraqw, ambazo ubatizo haukuzifuta.

Tuanze na maneno, kwa sababu Kiswahili kimekwisha kulinganisha mila hizi kabla yetu. Karibu kila neno ambalo Mkristo hulitumia anapotoa limepita kwanza kwenye midomo ya Waislamu: sadaka, shukrani, ukarimu, karama, baraka, na hilo lililo kubwa kuliko yote, neema. Mkulima akisema mwaka huu ni wa neema, ana maana kwamba mvua imenyesha na ghala limejaa. Mchungaji akisema tumeokolewa kwa neema, ana maana ya upendeleo wa Mungu kwa asiyestahili. Hayo si maneno mawili yaliyogongana kwa bahati. Mvua haimwagwi kwa sababu mkulima amestahili, na asiyestahili hana mvua ya kujinyeshea.

Katika desturi ya Wairaqw, aliye juu ya yote ni Lo'a, na katika lugha yao Lo'a ni wa kike. Huhusishwa na jua na anga, na wema wake ni wa mama: mvua, watoto, mifugo, afya. Wazee walipokutana, mmoja aliongoza slufay, sala ndefu ya mafumbo na baraka ambayo wengine waliijibu kwa pamoja. Maziwa, asali na pombe ya mtama vilikuwa vitu vya heshima katika kubariki. Mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliandika mwaka 1996 kuhusu mahali pa fedha, maziwa na pombe ya mtama katika maisha ya Wairaqw. Anayesoma kazi kama hiyo anakutana na jambo ambalo wazee wetu hawakuhitaji kulisoma: kuna vitu ambavyo havikupelekwa sokoni kirahisi, na maziwa ni kimojawapo. Jirani asiye na ng'ombe wa kukamwa hakutakiwa kuja na sarafu. Alikuja na kibuyu.

Kwa nini maziwa? Sababu zaweza kuwa nyingi, lakini moja inaonekana kwa yeyote aliyewahi kukama. Hakuna anayetengeneza maziwa. Unamlisha ng'ombe, unamlinda, unaamka alfajiri. Lakini kile kinachoshuka chuchuni kinabaki kuwa kitu ulichopewa. Kukiuza kwa jirani mwenye mtoto ni kana kwamba unadai umekiumba. Hapa desturi imefanya kwa kibuyu kile ambacho teolojia hufanya kwa vitabu: imetenga mahali ambapo bei hairuhusiwi kuingia.

Desturi hiyo ina upande wa pili. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwenye zizi moja. Aliwagawa kwa watu mbalimbali, karibu na mbali. Aliyepokea alikunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe na ndama walibaki mali ya mwenyewe. Ugonjwa ukiingia kijiji kimoja, mifugo ya kijiji kingine ilisalimika. Maskini alipata chakula, tajiri alipata usalama, na wote wawili walipata undugu. Ni mpango wenye hekima kubwa, na umewavusha watu kwenye njaa nyingi. Lakini ni mpango wa kufungamana. Anayepewa anaingia kwenye uhusiano wenye wajibu, na siku ya shida yule aliyetoa anajua mlango wa kubisha. Kutoa huku kunajenga daraja, na daraja hupitwa pande zote mbili. Anayebaki pembeni ni yule ambaye hana chochote cha kurudisha, wala ukoo wa kumdhamini.

Uislamu unaanza mahali pengine. Zaka si hisani, ni nguzo. Mwenye mali iliyofikia kiwango na kukaa nayo mwaka mzima hutoa asilimia mbili na nusu, na Qur'ani inataja makundi manane ya wanaostahili kupewa, wakianza mafukara na maskini. Inasema pia kwamba ndani ya mali ya waumini imo haki ya mwombaji na ya asiyekuwa nacho. Neno hilo haki ni zito. Fukara anayepewa zaka hapokei fadhila ya tajiri. Anapokea kilicho chake, kilichokuwa kimekaa kwa muda mikononi mwa mwingine. Kwa hiyo hana sababu ya kuinamisha kichwa. Katika sura ya 76 wema wanaolisha maskini, yatima na mfungwa wanaeleza kwamba hawataki malipo kutoka kwao, wala hata shukrani.

Lakini ipo kanuni moja ya zaka ambayo nadhani mkulima yeyote wa Hanang ataielewa kuliko mwanachuoni wa mjini. Mazao yaliyomea kwa mvua hutolewa sehemu moja ya kumi. Mazao yaliyomwagiliwa kwa jasho na gharama hutolewa nusu ya hapo, sehemu moja ya ishirini. Itazame hesabu hiyo kwa makini. Kadiri ulivyopata bila kusumbuka, ndivyo unavyotoa zaidi. Sheria imepima neema kwa debe. Imemwambia mkulima: hii sehemu ambayo mbingu ilikufanyia kazi, usijifanye umeifanya wewe.

Na tazama mkutano wa ajabu. Mkatoliki naye huita fungu lake la kumi zaka, kwa neno lile lile. Mkulima wa Kiislamu na mkulima wa Kikatoliki wenye mashamba yanayopakana, wote wakitegemea mvua moja, wakiwa waaminifu watatoa gunia lile lile, moja katika kumi. Jina ni moja, kipimo ni kimoja, na mvua ni moja. Kinachotofautiana ni simulizi kila mmoja anayojiambia anapolifunga gunia hilo.

Simulizi ya Mkristo ni ipi? Ukurasa wake ulio wazi kuliko yote ni sura ya 8 na ya 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Paulo anachangisha fedha kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu, na anawaeleza Wakorintho habari za makanisa ya Makedonia. Watu wale walikuwa fukara na wenye dhiki, lakini walitoa kupita uwezo wao, na waliomba wenyewe washirikishwe. Katika sura hizo mbili neno la Kigiriki kharis limetokea mara kumi. Mara linamaanisha neema ya Mungu, mara linamaanisha mchango wenyewe, mara linamaanisha shukrani. Biblia yetu ya Kiswahili imelazimika kuligawa, hapa neema, pale kushukuru. Msikilizaji wa Kigiriki alisikia neno moja likizunguka: kinachoshuka kutoka kwa Mungu, kinachopita kwa ndugu, na kinachopanda kurudi kwa Mungu, vyote ni kharis. Mchango wa Makedonia haukuwa bei ya neema. Ulikuwa neema ile ile ikiendelea na safari.

Katikati ya hoja hiyo Paulo anamweka Kristo, aliyekuwa tajiri akawa maskini ili wengine watajirike. Hapo ndipo njia ya Mkristo inapojitenga na nyingine mbili. Lo'a anatoa mvua na watoto. Mwenyezi Mungu wa Qur'ani anatoa riziki na uongofu. Mungu wa Injili, asema Mkristo, amejitoa mwenyewe. Deni la ng'ombe unaweza kulilipa, hata kama ni baada ya vizazi viwili. Sehemu ya kumi unaweza kuikamilisha na kulala ukiwa umetimiza. Lakini aliyepewa mtu hawezi kurudisha sawasawa. Ama atakata tamaa, ama atakuwa huru. Injili inasema awe huru: kwa kuwa hawezi kulipa, aache kulipa, aanze kushukuru. Ndiyo maana Paulo, ingawa anataja mifano na kuhimiza kwa nguvu, anakataa kuamuru kiasi. Kila mtu aamue moyoni mwake.

Kanisa limewahi kulisahau hili, na lilipolisahau lilipasuka. Mwaka 1517 Martin Luther aliandika hoja zake 95 dhidi ya biashara ya hati za rehema, watu walipofundishwa kwamba sarafu inapunguza adhabu ya marehemu. Katika hoja ya 43 alisema kwamba anayempa maskini au kumkopesha mhitaji anafanya vema kuliko anayenunua hati hizo. Wakatoliki nao hawakunyamaza: mwaka 1562 Mtaguso wa Trento uliwafuta wachuuzi waliokusanya fedha hizo. Pande mbili zilizogombana kwa damu zilikubaliana juu ya jambo ambalo mama wa Kiiraqw mwenye kibuyu angewaambia bila mtaguso: kuna vitu haviuzwi.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu hati zile zimerudi kwa sura nyingine. Siku hizi, kwenye redio, kwenye mikutano ya hadhara, hata kwenye baadhi ya mimbari zetu za zamani, kutoa kumegeuzwa kuwa "kupanda mbegu": toa laki moja upate milioni, toa ng'ombe upate gari. Mkulima anayesikia lugha hiyo anadhani imetoka shambani kwake. Paulo mwenyewe alitumia mfano wa mpanzi katika sura hizo hizo. Lakini kwa Paulo, Mungu ndiye anayempa mpanzi mbegu, na mavuno yanayoahidiwa ni uwezo wa kuwapa wengine zaidi. Mahubiri ya mbegu yamegeuza mwelekeo. Yamemweka mtoaji mwanzoni na Mungu katika nafasi ya mdaiwa. Mafundisho hayo hayavunji Injili peke yake. Yanavunja zaka, ambayo humkumbusha tajiri kwamba kinachotoka si chake. Yanavunja kibuyu cha maziwa, ambacho hakikuruhusu bei. Mila tatu zinasimama pamoja kuyakataa.

Kuna kosa la pili, la kimyakimya, na hili liko ndani ya nyumba zetu. Michango yenye viwango, daftari la ahadi, majina yanayosomwa kwa sauti pamoja na kiasi, kadi ya michango inayoulizwa siku ya msiba kabla ya kuamua marehemu azikweje. Najua kanisa lina paa la kujenga na mwinjilisti wa kulipwa. Utaratibu si dhambi. Lakini mfiwa anapoulizwa kadi, kanisa limetoka kwenye neema na kuingia kwenye ushuru. Hapa zaka ya Kiislamu inatuaibisha kwa wema: yenyewe ni sheria kabisa, lakini inamtoza mwenye nacho tu, na asiyefikia kiwango hadaiwi chochote, na akiwa fukara anapewa. Sisi tunaohubiri uhuru, mara nyingi tumemtoza mjane sawa na mwenye trekta. Yesu alimsifu mjane mwenye sarafu mbili. Hakumwekea kiwango.

Historia ya karibu ya nchi hii imetupa mizani tatu za kupimia kutoa. Ya kwanza ni Haydom. Wakristo wa Norway, wengi wao watu wa kawaida, walichanga fedha kwa ajili ya wagonjwa ambao wasingewaona kamwe. Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen alifika mwaka 1961 na kuitumikia hospitali kwa miongo mingi. Kilichoanza kama hospitali ndogo katika nyanda za mbali kimekuwa hospitali kubwa ya rufaa, mali ya kanisa la hapa hapa. Huo ni mfano wa kharis inayosafiri. Lakini unatuachia swali: neema iliyofika kwetu kwa mikono ya wengine, sisi tunaisukuma kwenda wapi? Anayepokea tu bila kupitisha amegeuza mto kuwa bwawa.

Mizani ya pili ni ya kusikitisha. Kuanzia miaka ya 1970 msaada wa Kanada uliwezesha mashamba makubwa ya ngano ya shirika la serikali, NAFCO, katika tambarare za Hanang. Nia ilikuwa kulisha taifa. Lakini malisho bora ya wafugaji wa Kibarabaig yalichukuliwa, na shauri la kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO lilifika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Mkono mmoja ulitoa matrekta, na kwa tendo hilo hilo ng'ombe wa mwingine walikosa majani. Msaada usioanza kwa kumsikiliza anayedaiwa kusaidiwa waweza kumnyang'anya. Anayetoa kwa shukrani anajua kwamba naye ni mpokeaji, na mpokeaji hujifunza kuuliza kabla ya kuleta.

Mizani ya tatu ilitufikia alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Matope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima Hanang na kufunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walipoteza maisha. Shule ziligeuka kambi. Na ndipo unga, mablanketi, magodoro, nguo na fedha vilipoanza kufika kutoka kila upande: makanisa, misikiti, majeshi, wafanyabiashara, wanafunzi, watu wa mikoa ambayo haijawahi kuuona mlima huo. Hakuna aliyesimama kwenye tope kuuliza ukoo, dhehebu au kadi ya michango. Katika siku zile mila zote tatu zilitoa kwa moyo mmoja: undugu wa Kiiraqw ulifungua nyumba, haki ya fukara ilitambuliwa bila kudaiwa, na neema ikawafikia hata wale ambao hawakuwa na cha kurudisha. Baadaye nyumba zaidi ya 100 zilijengwa katika eneo la Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii wote watatu wataikubali. Lakini moyo huo unatoka wapi? Mwiraqw atasema unatoka kwenye undugu, Mwislamu atasema unatoka kwenye amri ya Mungu na shukrani kwa riziki yake, nami nasema unatoka msalabani. Hukumu yangu baada ya kulinganisha ni hii: Ukristo una sababu iliyo kubwa kuliko zote ya kutoa, lakini sababu kubwa haitoshi kama haina desturi ya kuibeba. Desturi ya maziwa inatufundisha kutenga vitu visivyo na bei. Zaka inatufundisha kumheshimu maskini kama mwenye haki na kutomtoza asiyenacho. Tukivikataa viwili hivyo kwa kiburi cha kuwa na Injili, tutabaki na mahubiri ya neema na mikono ya watoza ushuru.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa kanisa na halmashauri za parokia, Mbulu na Hanang zote mbili, mambo matatu yasiyohitaji bajeti. Tuache kusoma kiasi alichotoa mtu. Jina lake Mungu analijua. Tutenge sehemu ya kumi ya makusanyo yetu wenyewe kwa ajili ya walio nje ya daftari letu, awe Mkristo, Mwislamu au mzee anayeendelea kumwomba Lo'a. Na tusimuulize mfiwa kadi. Siku hiyo achukue kibuyu tu, aje, na akute maziwa.